Kufunga Ndoa Mkiwa Wawili Kisiwani Skye: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Skye ni kisiwa cha kaskazini-magharibi mwa Uskoti, kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Hebrides ya Ndani. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,650 hivi na wakazi wake ni kama 10,000 tu, wengi wao wakiishi karibu na bahari kwa sababu katikati ni milima, ardhi tepetevu na malisho ya kondoo. Wachumba wasiotaka ukumbi, kamati wala mamia ya wageni huja hapa wakiwa wawili, wakafungishwa ndoa juu ya jabali au ufukweni, wakaondoka mume na mke.

Mandhari ni sababu moja ya kukichagua. Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni sheria. Nchini Uskoti kibali cha kufungisha ndoa amepewa mtu, hakikupewa jengo. Mfungishaji mwenye kibali anaweza kusimama nanyi kando ya maporomoko ya maji, na ndoa hiyo ikawa halali sawa na ya kanisani au ya ofisi ya msajili.

Uhuru huo una historia ndefu. Mwaka 1754 England ilianza kutumia sheria iliyowataka walio chini ya miaka 21 wapate ridhaa ya wazazi kabla ya kuoana. Sheria hiyo haikuvuka mpaka. Uskoti ilitosha wawili kutamka mbele ya mashahidi kwamba wameoana, basi vijana wakawa wanakimbilia kaskazini kwa farasi hadi Gretna Green, kijiji cha karibu kabisa na mpaka, ambako wahunzi walipata umaarufu kwa kuwafungisha ndoa. Mwaka 1856 ikaongezwa sharti la kuishi Uskoti siku 21 kwanza, na tarehe 1 Julai 1940 ndoa za kutamka tu zikafutwa kabisa. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaoamini hadi leo kwamba ukifika Uskoti na mchumba wako unaolewa kesho yake. Haiwezekani. Lazima taarifa itolewe mapema, na hilo ndilo linaloamua mpango wote.

Kwa hiyo fuateni mpangilio huu: karatasi kwanza, watu wa pili, upepo wa tatu, mahali mwisho. Wengi huanza na picha waliyoiona ya mlima fulani, wakalipia nyumba na ndege, halafu wakagundua kwamba tarehe haiwezekani.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnakwepa nini

Kaeni chini mkiwa wawili na mseme wazi. Je, mnakwepa gharama? Kelele? Mgogoro wa familia mbili? Au kuna mtu mmoja hasa ambaye hamtaki awepo? Jibu hubadilisha mambo mengi. Anayekwepa kelele anaweza kumwalika mama yake na dada yake bila kuharibu chochote. Anayekwepa mgogoro anahitaji kujua kwamba siri kamili haipo: mkishatoa taarifa ya ndoa, msajili hubandika majina yenu na tarehe mahali pa wazi, na mtu yeyote mwenye sababu ya kisheria anaweza kuwasilisha pingamizi kwa maandishi.

Amueni pia wazazi watajua lini, kabla au baada. Ushauri wangu ni waambiwe kabla, hata kama ni asubuhi ya siku yenyewe, na waambiwe kwa sauti yenu. Mzazi anaweza kukubali kwamba hakualikwa. Kinachoumiza kwa miaka ni kuona picha kwenye simu ya jirani. Ikiwa kuna sababu nzito ya kutomwambia mtu kabla, hasa pale penye vitisho au usalama wa mmoja wenu, fuateni sababu hiyo bila kujilaumu.

Hatua ya 2: Chagueni mwezi

Skye haina msimu wa ukame. Mvua yaweza kunyesha siku yoyote, na mara nyingi ndani ya siku moja mtapata jua, ukungu, mvua na upinde wa mvua. Hata hivyo miezi si sawa.

Aprili na Mei ndiyo chaguo langu. Kwa kawaida majira hayo huwa makavu kuliko vuli na baridi, mchana ni mrefu, na usubi bado hawajaenea. Usubi msiwapuuze. Ni wadudu wadogo kuliko mbu, huruka makundi kwa makundi, na huanza kusumbua kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba. Hupenda hewa tulivu yenye unyevu, hasa alfajiri na jioni, yaani saa zilezile ambazo wapiga picha huzipenda. Upepo mwanana tu huwatawanya, hivyo kwenye rasi iliyo wazi mtapumua wakati walio bondeni wanajikuna.

Juni ina zawadi yake: jua huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku. Mnaweza kufunga ndoa saa kumi na mbili asubuhi kwenye kilele ambacho saa sita mchana hujaa watu, mkawa peke yenu. Julai na Agosti ni msongamano, barabara zimejaa na malazi ni ghali. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba milima hugeuka rangi ya kahawia na dhahabu na usubi hupungua, lakini dhoruba za Atlantiki huanza kubisha hodi. Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Nyumba nyingi za wageni hufungwa. Anayependa baridi na upweke ataipenda, mradi mpango wake uingie ndani ya saa sita za mwanga.

Siku ya juma nayo ina uzito. Jumanne au Jumatano ni rahisi kumpata msajili, na kwa kawaida ada yake huwa chini kuliko ya wikendi. Jumapili biashara kadhaa, hasa kaskazini mwa kisiwa, hufungwa kwa kuheshimu siku ya ibada.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa pana kazi, kwa hiyo someni polepole.

Kila mmoja wenu anajaza fomu inayoitwa M10, ambayo ndiyo taarifa ya ndoa. Inapelekwa kwa msajili wa wilaya ambako ndoa itafungiwa. Skye iko chini ya Halmashauri ya Highland, na ofisi ya usajili ya kisiwa iko Portree, mji wake mkuu. Fomu isipelekwe zaidi ya miezi 3 kabla ya siku ya ndoa, na isichelewe kuliko siku 29 kabla yake. Msingoje hiyo siku ya 29. Wasajili wenyewe hushauri wiki 10 hadi 12, na kama mmoja wenu anatoka nje ya Uingereza au aliwahi kuoa au kuolewa, wiki hizo mtazihitaji zote.

Pamoja na fomu huenda vyeti vya kuzaliwa, pasi za kusafiria na uthibitisho wa anwani. Aliyeachika anaambatanisha hati ya talaka. Aliyefiwa, cheti cha kifo cha mwenzi wake wa awali. Anayeishi nje ya Uingereza hutakiwa kuleta cheti cha kutokuwa na pingamizi, kinachotolewa na mamlaka ya nchi yake kuthibitisha kwamba yuko huru kuoa au kuolewa. Katika nchi nyingi cheti hicho huchukua muda, kwa hiyo kiwe cha kwanza kushughulikiwa. Hati isiyo ya Kiingereza lazima iwe na tafsiri iliyothibitishwa.

Asiye raia wa Uingereza wala Ireland huenda akatakiwa pia kujaza tamko kuhusu hali yake ya uhamiaji. Kisha kuna viza. Viza ya kawaida ya matembezi hairuhusu kufunga ndoa Uingereza. Inayotakiwa ni viza maalumu ya mgeni anayekuja kufunga ndoa, na hutolewa kwa mwenye miaka 18 au zaidi. Inawapa hadi miezi 6, ndoa ifungwe ndani ya muda huo, kisha muondoke; haiongezwi muda. Maombi hufunguliwa miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kuhudhuria kituo cha viza. Mtaonyesha fedha za kujikimu, tiketi au mpango wa kurudi, na ushahidi kwamba ndoa ipo kweli, mfano barua kutoka kwa mfungishaji. Ikiwa mmoja wenu anaishi Uingereza na mwingine anakusudia kubaki naye baada ya ndoa, viza hii siyo yenu. Tafuteni ile ya mchumba, ambayo ni njia nyingine kabisa.

Mmeona mtego ulipo? Fomu ya M10 na maombi ya viza vyote vinafunguliwa miezi 3 kabla, na pasi inahitajika pande zote mbili. Mwandikieni msajili mapema mkamuulize anataka nyaraka zipi halisi na zipi nakala, kisha mpange nani atangulie. Mpango ninaoupendekeza ni huu:

- Mwaka mmoja hadi miezi 9 kabla: mfungishaji, tarehe, nyumba ya kulala.
- Miezi 5 kabla: vyeti, talaka, tafsiri, na kuuliza taratibu za cheti cha kutokuwa na pingamizi.
- Wiki 12 kabla: fomu za M10 ziondoke, na maombi ya viza yafunguliwe wiki hiyohiyo.
- Wiki 6 kabla: pigeni simu Portree muulize kama faili limekamilika. Kimya cha ofisi msikichukulie kuwa ndiyo.

Msajili akiridhika, hutayarisha hati ya kufungia ndoa. Bila hati hii mkononi mwa mfungishaji, hakuna ndoa, hata mngekuwa mmesimama mbele yake kwa mavazi kamili. Mkifungishwa na msajili, huja nayo mwenyewe. Mkifungishwa na kiongozi wa dini au wa imani nyingine, ninyi ndio wenye jukumu la kuipata katika siku za mwisho kabla ya ndoa. Muulizeni msajili utaratibu wa kuipokea, na ratiba ya safari ifuate jibu lake: mfike kisiwani siku mbili au tatu kabla, siku ambayo ofisi iko wazi.

Hatua ya 4: Mfungishaji na mashahidi

Mna njia tatu. Msajili wa serikali hufunga ndoa ya kiraia, na anaweza kufika nje pale mtakapokubaliana, isipokuwa kwenye nyumba ya ibada. Lakini ana ratiba ya ofisi na ana haki ya kukataa mahali anapoona ni hatari, hivyo msitegemee atapanda mlima nanyi kwenye upepo mkali. Kiongozi wa dini ni njia ya pili. Kama mnataka kiongozi wenu kutoka nchi nyingine aje naye, idara ya kumbukumbu za taifa ya Uskoti inaweza kumpa kibali cha muda. Ombi lifanywe miezi kadhaa kabla. Njia ya tatu ni wafungishaji wa kihumanisti, yaani wasiofuata dini yoyote, ambao ndoa zao zinatambuliwa kisheria Uskoti tangu 2005. Hao wengi wamezoea milima na mvua, hukaa nanyi kwa muda kuandaa maneno, na huwa radhi kubadili mahali asubuhi ya siku yenyewe.

Zungumzeni na mfungishaji kwa video kabla ya kumlipa. Muulizeni swali moja gumu: "Upepo ukiwa mkali siku hiyo, tutafanya nini?" Mwenye uzoefu wa Skye atawatajia mahali mbadala papo hapo.

Mashahidi ni wawili, wenye umri wa miaka 16 au zaidi. Hili huwasumbua wanaokuja wawili peke yao, lakini lina ufumbuzi. Mpiga picha anaweza kuwa shahidi mmoja. Msaidizi wake, mwenye nyumba mliyofikia au mtengeneza maua akawa wa pili. Kubalianeni nao mapema na majina yao yafike kwa msajili. Kumsimamisha mpita njia kunawezekana, ila kwenye rasi ya mbali saa kumi na mbili asubuhi huenda asiwepo mpita njia.

Maneno ya kisheria ya kukubaliana kuwa mume na mke lazima wote wawili myaelewe. Ikiwa mmoja hajui Kiingereza vizuri, mwambieni mfungishaji: mkalimani anaruhusiwa, lakini hawezi kuwa mmoja wa wanaooana wala shahidi. Nje ya maneno hayo machache, viapo vyenu semeni kwa lugha ya mioyo yenu. Viandikeni kwa mkono kwenye karatasi ngumu, kwa maana skrini ya simu haisomeki kwenye mvua.

Hatua ya 5: Chagueni mahali pawili, si mahali pamoja tu

Upepo wa Skye mara nyingi hutoka kusini-magharibi. Mkilijua hilo, kisiwa kinasomeka. Chagueni mahali pa siku njema, upande ulio wazi wa magharibi au juu, na mahali pa siku mbaya, upande uliokingwa. Uamuzi ufanywe jioni ya kuamkia siku yenyewe, baada ya kusoma utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, na ule wa wapanda milima.

Quiraing ndipo ninapowapeleka kwanza wasiotaka kutembea sana. Ni sehemu ya kaskazini ambako ukingo wa mlima uliporomoka ukaacha minara ya mawe, majabali na vilima vya kijani, na ardhi yake inaendelea kusogea hadi leo. Eneo la kuegesha gari liko juu kabisa ya barabara inayounganisha vijiji vya Staffin na Uig, hivyo dakika chache tu za kutembea zinawafikisha kwenye mandhari ambayo kwingine mngeitafuta kwa saa tatu. Ni wazi mno kwa upepo, basi msipange hapo bila mbadala.

Old Man of Storr ni nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 50 hivi, na njia yake ni kama kilomita 4 kwenda na kurudi, ya kupanda moja kwa moja. Mchana kunajaa. Alfajiri ya Juni kunatulia. Mfungishaji na mashahidi nao lazima wapande, hivyo waulizeni kwanza.

Neist Point ndiyo ncha ya magharibi kabisa ya kisiwa, na mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1909. Ni pa machweo. Njia ni ya zege lakini ina mteremko mkali, na kurudi ni kupanda. Simameni mbali na ukingo, hasa kama kuna gauni refu au shela, kwa sababu upepo hulijaza kitambaa na kumvuta mtu. Ghuba ya Talisker nayo inatazama magharibi, ina mchanga mweusi uliochanganyika na wa kijivu. Angalieni jedwali la maji kabla: maji yakijaa, mchanga hupotea na kubaki mawe tu.

Kwa siku ya upepo kuna Sleat, rasi ya kusini, iliyo na miti na hali ya upole kuliko kwingine. Magofu ya ngome ya Armadale yako huko ndani ya bustani. Pwani ya mashariki karibu na Staffin hupata kinga ya mgongo wa milima ya Trotternish, na kwenye ufukwe wa An Corran maji yakipwa huonekana nyayo za dinosaria kwenye mwamba. Sligachan ni pa kutegemewa kuliko pote: daraja la mawe la zamani, mto, na milima ya Cuillin nyuma, hatua chache kutoka barabarani. Mvua ikizidi, gari liko karibu.

Kuna wanaoota Loch Coruisk, ziwa lililofichwa katikati ya Cuillin, linalofikiwa kwa boti kutoka Elgol kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Ni mahali pa ajabu kweli. Ila boti haiondoki bahari ikichafuka, na msajili hawezi kuhamishia tarehe yenu kesho kwa urahisi. Nendeni huko siku ya pili kama maharusi. Fairy Pools, vidimbwi vya mto chini ya Cuillin, siwashauri kwa ndoa: njia ni nyembamba, watu ni wengi, na mtatamka viapo mkipisha wapita njia.

Sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea kwenye ardhi ya wazi ya Uskoti mradi aitumie kwa uangalifu. Watu sita waliosimama nusu saa hawana shida. Viti, tao la maua, spika au hema vinahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Sehemu kubwa ni malisho ya wakulima wadogo, na Aprili na Mei kondoo wanazaa. Fungeni mageti mliyoyafungua, na mbwa awe kwenye kamba. Msirushe vipande vya karatasi wala maua ya plastiki. Fairy Glen, bonde lililo karibu na Uig, wageni wamezoea kusogeza mawe kutengeneza mizunguko, na wenyeji hulazimika kuyarudisha. Msiyaguse.

Hatua ya 6: Safari na kulala

Uwanja wa ndege wa karibu ni Inverness, na kutoka hapo hadi Portree ni saa mbili na nusu hadi tatu kwa gari. Kutoka Glasgow hesabuni saa tano au zaidi. Kisiwa kimeunganishwa na bara kwa daraja tangu 1995, na tozo yake ilifutwa mwaka 2004. Anayependa kuingia kwa maji anaweza kupanda kivuko kutoka Mallaig hadi Armadale, au kivuko kidogo cha Glenelg hadi Kylerhea, ambacho sakafu yake huzungushwa kwa mikono. Hiki cha pili hufanya kazi kwa msimu tu.

Kodini gari. Mabasi yapo lakini hayatawafikisha ufukweni alfajiri. Mnaendesha kushoto, na barabara nyingi ndogo zina njia moja yenye sehemu zilizopanuliwa za kupishana. Kamwe msiegeshe hapo, hata kwa picha moja. Jazeni mafuta Broadford au Portree kabla ya kwenda pembezoni, na pakueni ramani kwenye simu, kwani mtandao hukatika mabondeni.

Nyumba ya kulala ikodiwe mara tu tarehe ikikubaliwa na mfungishaji, angalau usiku nne, karibu na katikati ya kisiwa. Portree na Sligachan zinawapa uhuru wa kugeukia upande wowote kulingana na upepo.

Hatua ya 7: Mavazi

Vaeni mnachopenda, lakini chini kiwe kiatu cha kupandia mlima kilichozoea mguu, na ndani kuwe na nguo ya sufu nyembamba. Shela ndefu iacheni. Koti lisilopitisha maji kwa kila mmoja, taulo ndogo, mwavuli usiotegemewa sana, dawa ya kufukuza usubi, na pete ndani ya mfuko wenye zipu. Basi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe na siku tatu zinazofuata

Asubuhi thibitisheni mambo matatu: hati ya ndoa iko kwa nani, mashahidi wako njiani, na wote wanajua mahali ni papi kati ya pale pawili. Mwachieni mwenye nyumba ratiba yenu na saa ya kurudi. Mtu akiumia milimani, pigeni 999, ombeni polisi, kisha waokoaji wa mlimani.

Sherehe yenyewe haizidi nusu saa. Msiijaze. Kama mnataka mila ya wenyeji, kuna kufungwa mikono kwa utepe au kunywea pamoja kutoka bakuli lenye vipini viwili, mfungishaji atawaelekeza. Mkimaliza viapo, mwombeni mpiga picha asogee mbali kwa dakika kumi, mbaki wawili.

Hati husainiwa hapohapo na ninyi, mfungishaji na mashahidi wote wawili. Iwekeni kwenye mfuko wa plastiki kabla ya lolote lingine. Kama hamkufungishwa na msajili, hati hiyo lazima imrudie ndani ya siku 3 ili ndoa iandikishwe. Ndiyo maana ndoa ya Ijumaa jioni na ndege ya Jumamosi havipatani: mpeni mtu mmoja mnayemwamini jukumu la kuirudisha, au bakini hadi Jumatatu.

Baada ya kuandikishwa, ombeni nakala rasmi mbili au tatu za cheti kwa mpigo mmoja, kwa sababu kuagiza baadaye kutoka nje ni kusubiri posta. Kabla ya kuondoka Uingereza, ulizeni ubalozi wa nchi yenu ikiwa cheti kinahitaji kugongwa muhuri wa uthibitisho wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, na kama mnapaswa kusajili ndoa tena mkifika. Fanyeni hivyo kabla ya kubadili jina kwenye pasi, kwani tiketi ya kurudi iko kwa jina la zamani.